Mwaridi mwitu kutoka mbegu hadi tunda: mwongozo kamili wa kuujua na kuukuza

Mwaridi mwitu unaozungumziwa hapa ni ule ambao wanabotania huuita Rosa canina, jina ambalo mwanabotania wa Uswidi, Carl Linnaeus, alilichapisha mwaka 1753. Asili yake ni Ulaya, kaskazini-magharibi mwa Afrika na Asia ya magharibi, na huko huota wenyewe pembezoni mwa misitu, kando ya njia, kwenye miteremko yenye mawe na katika malisho yaliyoachwa. Wapo wengi wanaoumiliki bila kujua. Mwaridi wa bustani uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya mizizi ya mmea mwingine, ukifa sehemu ya juu, machipukizi marefu yanayoibuka chini yake mara nyingi ni ya Rosa canina, kwa kuwa kwa miaka mingi vitalu vya Ulaya vimetumia miche yake kuwa mizizi ya kubebeshea mawaridi ya fahari.

Mmea huu unastahili kupandwa kwa thamani yake wenyewe: una maua ambayo nyuki huyakimbilia, matunda yanayodumu hadi katikati ya baridi, na uimara ambao mawaridi mengi ya bustani hayana. Malalamiko yanayosikika juu yake, kwamba mbegu hazioti au kwamba kichaka hakitoi maua, karibu yote hutokana na kuuhudumia kama mwaridi wa bustani. Kwa sababu hiyo tutaanza na maumbile yake, kisha tuingie kazini.

Kuujua mmea kabla ya kuupanda

Mwaridi mwitu ni kichaka kinachopukutisha majani wakati wa baridi. Kwa kawaida hufikia kimo cha mita 1 hadi 3, lakini ukipata mti wa kuegemea huweza kupanda hadi mita 5. Kila mwaka hutoa kutoka chini mashina mapya marefu ambayo kwanza husimama wima, kisha hupinda kwa uzito wake yenyewe hadi ncha zikaelekea ardhini. Shina la mwaka wa kwanza halitoi maua. Mwaka unaofuata ndipo vitawi vifupi huchipuka ubavuni mwake, na maua huja kwenye ncha za vitawi hivyo. Jambo hili likumbukwe vizuri, kwa maana kazi yote ya kupogoa inalitegemea.

Miiba yake ni mipana kwenye kitako na imepinda kuelekea chini kama ndoana, hivyo shina linaloteleza juu ya matawi ya jirani hunasa na kubaki pale pale. Miiba hiyo huota kwenye ngozi ya shina, si kwenye mti wa ndani, na ndiyo maana ukiusukuma mmoja kwa kidole gumba kutoka ubavuni hukatika mzima na kuacha kovu laini. Jani moja limegawanyika katika vipande 5 au 7 vyenye kingo za meno kama ya msumeno. Yasugue majani hayo mkononi: yakitoa harufu ya tofaa, basi ulio mbele yako si Rosa canina bali ni jamaa yake, Rosa rubiginosa, ambaye ana vitezi vya harufu upande wa chini wa majani. Na ukiona maua meupe ambayo katikati yake kumesimama kinguzo kimoja chembamba, huo ni jamaa yake mwingine, Rosa arvensis.

Ua la mwaridi mwitu lina upana wa sentimita 4 hadi 6, petali tano, rangi kati ya nyeupe na pinki, na stameni, yaani vijiti vya kutoa chavua, nyingi za manjano. Halina nekta, kwa hiyo nyuki wanaolizunguka wamefuata chavua tu. Kichaka huchanua mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa majira ya joto, na baada ya wiki chache maua yamekwisha.

Ukitaka kuona jambo la ajabu, geuza ua moja na ulitazame kwa chini. Utaona sepali tano, yaani vijani vidogo vinavyolifunika ua likiwa tumba, na hazifanani. Mbili zina vinyuzi kwenye kingo zote mbili, mbili hazina kabisa, na ya tano ina vinyuzi upande mmoja tu. Sababu yake iko kwenye tumba kabla halijafunguka, ambamo sepali hizo hupandana: mbili za nje kingo zake zote ziko wazi, mbili za ndani zimefunikwa pande zote, na moja imefunikwa ukingo mmoja huku mwingine ukiwa nje. Vinyuzi huota pale tu palipo wazi. Baada ya ua kupukutika, sepali hizo hujikunja nyuma kuelekea kikonyo na kuanguka kabla tunda halijaiva, nayo ni alama nyingine nzuri ya kuutambua mmea huu.

Kile tunachokiita tunda ni kikombe cha ua kilichonenepa na kuwa chekundu, chenye umbo la yai na urefu wa sentimita 1.5 hadi 2. Matunda halisi kwa maana ya botania ni yale makokwa madogo magumu yaliyomo ndani, ambayo kila moja limefungia mbegu moja, na yamezungukwa na vinywele vikavu vinavyowasha ngozi na koo. Katika mwongozo huu nitayaita mbegu, kama wakulima wote wanavyoyaita.

Kwa nini mama wa mbegu ni muhimu kuliko baba

Mwaridi mwitu una kromosomu, yaani nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi, 35: seti tano za kromosomu saba saba. Idadi witiri ya seti kwa kawaida huufanya mmea kuwa tasa, kwa kuwa kromosomu hazipati wenzi wakati wa kutengeneza chembe za uzazi. Mmea huu umepata njia yake, na wanasayansi waliieleza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Seti mbili huungana na kugawana kwa njia ya kawaida. Seti tatu zilizobaki hazigawanywi: upande wa chavua hutupwa zote, na upande wa yai hubakizwa zote. Hivyo chavua hubeba kromosomu 7, yai hubeba 28, na zikikutana hesabu hurudi kuwa 35.

Kwa mpandaji, maana yake ni kwamba mche hurithi sehemu kubwa zaidi kutoka kwa kichaka kilichozaa tunda. Nyuki akileta chavua kutoka kichaka kibovu, athari yake ni ndogo. Kwa hiyo chagua mama kwa makini: awe na majani yasiyo na ugonjwa wa kuvu uitwao kutu mwishoni mwa msimu, matunda mengi yenye nyama, na umbo unalolitamani. Mimi ningetumia msimu mzima kuvitazama vichaka kabla ya kuchuma tunda hata moja, kwa kuwa uamuzi huo ndio utakaobaki shambani kwa miongo.

Kupanda kwa mbegu

Chuma matunda yakiwa yamegeuka kuwa ya chungwa au mekundu lakini bado ni magumu. Yakiachwa hadi yalainike, ganda la mbegu huwa limezidi kukomaa na usingizi wake huwa mzito zaidi. Vaa glavu kwa ajili ya vile vinywele, pasua matunda, yaponde ndani ya maji, kisha osha mbegu juu ya chujio mpaka nyama yote itoke. Zitumbukize tena kwenye maji safi. Zinazozama kwa kawaida zimejaa, na zinazoelea nyingi ni tupu na zinaweza kutupwa. Usizikaushe, ziingize kazini zikiwa na unyevu.

Mbegu ya mwaridi mwitu ina vizuizi viwili, na wengi hushindwa kwa sababu wanashughulikia kimoja tu. Cha kwanza ni ganda lenyewe, ambalo ni nene kiasi kwamba kiinitete, yaani mmea mchanga uliolala ndani ya mbegu, hakina nguvu ya kulipasua. Cha pili kimo ndani ya kiinitete, ambacho hakikubali kuamka mpaka kipite kipindi kirefu cha baridi. Ganda hulegea katika joto lenye unyevu, pale vijidudu vinapolila kwenye mshono wake. Kiinitete nacho huamshwa na baridi yenye unyevu. Porini mambo haya mawili hutimia polepole, na mbegu nyingi huota katika majira ya machipuko ya pili baada ya kuanguka. Nyumbani unaweza kufupisha muda huo kwa utaratibu ufuatao.

Changanya mbegu na mchanga mnyevu, kwa kipimo cha sehemu moja ya mbegu kwa sehemu tatu hivi za mchanga. Unyevu unaofaa ni ule ambao ukiufinya mchanga mkononi unashikamana lakini hauchuruziki maji. Ongeza kiganja cha mboji iliyoiva, kwa maana vijidudu vyake ndivyo vitakavyolishughulikia ganda. Weka mchanganyiko huo kwenye mfuko wa plastiki uliotobolewa matundu machache, andika tarehe, na uuache mahali penye joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi kwa wiki 8 hadi 12. Baada ya hapo uhamishie kwenye jokofu, si sehemu ya kugandisha, kwa nyuzi 3 hadi 5 kwa wiki 12 hadi 16. Mpangilio huo usigeuzwe. Baridi ikitangulia huku ganda likiwa bado gumu, kiinitete kitaamka kikiwa kifungoni, na utakuwa umepoteza mwaka.

Fungua mfuko kila baada ya wiki moja au mbili, geuza mchanga ili hewa ipite, na unyunyize maji kidogo ikiwa umekauka. Kuelekea mwisho wa kipindi cha baridi utaanza kuona ncha nyeupe za mizizi zikitokeza. Hapo panda mara moja, kina cha sentimita 1, kwenye chungu chenye urefu wa kutosha kwa mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja, na ufunike kwa mchanga mzito ili mvua isiufanye udongo kuwa mgumu juu. Chombo kikae mahali pa ubaridi wa wastani. Joto kali la ghafla baada ya jokofu, hasa linalozidi nyuzi 20, huweza kuzirudisha usingizini zile mbegu ambazo bado hazijapasuka. Kwa sababu hiyo hiyo usimwage udongo wa chombo ambacho miche imetoka michache. Kiache nje mwaka mmoja zaidi, kwa kuwa kundi la pili la miche ni jambo la kawaida kabisa.

Mche hutoka na majani mawili ya mviringo, kisha majani halisi yenye meno hufuata. Ukifikisha majani halisi matatu au manne, uhamishie kwenye chungu chake au kitaluni kwa nafasi ya sentimita 15. Maua ya kwanza kwa kawaida huonekana mwaka wa tatu au wa nne.

Njia nyingine za kuuzidisha

Anayetaka nakala kamili ya kichaka fulani atumie vipandikizi. Mwishoni mwa majira ya mapukutiko, majani yakiwa yameanguka, kata mashina ya mwaka huo yenye unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hadi 25, ukikata chini tu ya kifundo na juu tu ya jicho. Toa miiba ya sehemu ya chini kwa kidole gumba, kisha vizike vipandikizi theluthi mbili ya urefu wake katika mfereji wenye mchanga chini, na uvikanyagie vizuri. Baadhi vitachanua majani katika machipuko kabla havijatoa mizizi yoyote, na mtu mwenye haraka huving'oa akidhani viko tayari. Viache hadi mapukutiko yanayofuata. Si vyote vitakavyoshika, kwa hiyo weka vingi kuliko unavyohitaji.

Njia rahisi zaidi kwa mwenye kichaka tayari ni kuinamisha shina refu hadi ardhini, kulikwangua kidogo upande wa chini, kulibana kwa mti wenye umbo la V na kulifunika udongo, huku ncha ikibaki nje. Baada ya mwaka mmoja au zaidi huwa na mizizi na hukatwa kutoka kwa mama. Maotea yanayotoka kwenye mizizi nayo huchimbwa yakiwa na kipande cha mzizi na kupandwa yakiwa yamelala usingizi.

Mahali na siku ya kupanda

Mwaridi mwitu huvumilia udongo wa chokaa, udongo wa mfinyanzi na udongo maskini, lakini hauvumilii maji yanayotuama miguuni. Chimba shimo la sentimita 40, lijaze maji, na urudi siku inayofuata. Ikiwa maji bado yamo, tafuta mahali pengine au inua tuta. Jua la nusu siku linatosha kuuweka hai, ila ukitaka matunda mengi upe jua la siku nzima. Usiupande mahali palipong'olewa mwaridi mwingine hivi karibuni, kwa kuwa udongo uliochoshwa na mawaridi hudumaza mche mpya, hata ukiongezwa samadi. Aidha, mmea huu hutegemea majira ya baridi ya kweli. Mahali pasipo na baridi hiyo huweza kukua, lakini usitarajie maua mengi.

Kabla ya kununua au kupanda, hakikisha sheria za eneo lako. Ndege hula matunda na kuzisambaza mbegu mbali, na nje ya maskani yake mwaridi mwitu umevamia malisho. Katika jimbo la South Australia umetangazwa rasmi kuwa gugu. Penye katazo la namna hiyo, heshimu katazo na utafute kichaka cha asili ya hapo.

Miche yenye mizizi mitupu hupandwa kati ya mapukutiko na mwisho wa baridi, ardhi ikiwa haijaganda. Loweka mizizi kwa saa moja au mbili. Chimba shimo pana kuliko mizizi ilivyotanda, tandaza mizizi bila kuikunja, rudisha udongo ule ule uliotoka, na ukanyagie kwa kisigino ili pasibaki mifuko ya hewa. Mbolea isiwekwe shimoni. Mwagilia hata kama udongo ni mnyevu, kisha punguza shina hadi sentimita 15 hivi kutoka ardhini. Wapo wanaosita kukata mche waliougharimia, lakini mche uliokatwa hutoa mashina matatu au manne kutoka chini, na usiokatwa hubaki na kijiti kimoja kirefu kinachoyumba.

Kichaka cha peke yake kipewe nafasi ya mita 2 kila upande. Kwa wigo, panda kwa sentimita 40 hadi 50 kati ya mche na mche. Wigo wa miwaridi mitupu huwa wazi chini baada ya miaka kadhaa, kwa hiyo ni bora kuichanganya na vichaka vingine vyenye matawi ya karibu na ardhi.

Matunzo na kupogoa

Katika miaka miwili ya kwanza kazi kubwa ni kuzuia nyasi zisiuzonge mche na kumwagilia wakati wa ukame. Matandazo ya majani au vipande vya mti, yenye unene wa sentimita 5 hadi 8 na yasiyogusa shina, hufanya kazi zote mbili. Baada ya hapo mmea hujitegemea. Mbolea yenye naitrojeni nyingi ni hasara tupu: huleta mashina marefu mateke, vidukari wengi, na maua machache.

Baada ya ule ukataji wa siku ya kupanda, usipogoe chochote hadi mwaka wa tatu. Kuanzia hapo, mwishoni mwa baridi ndege wakishamaliza matunda, chagua mashina yaliyo mazee zaidi, yale yenye gome la kijivu lililopasuka na vitawi vilivyodhoofika, uyakate kabisa karibu na ardhi. Ondoa robo hivi ya mashina yote kwa mwaka, zaidi ya hapo hapana. Mashina laini ya kijani uyaache hata yakionekana kuharibu umbo, kwa sababu ndiyo yatakayobeba maua ya msimu ujao. Wigo ukatwe mara moja kila baada ya miaka miwili au mitatu, au kila mwaka upande mmoja tu. Anayeunyoa wote kila mwaka huondoa mashina hayo yote kabla hayajafikia umri wa kuchanua, naye ndiye anayelalamika kwamba mwaridi wake ni tasa.

Kichaka kikongwe kilichojisokota kinaweza kukatwa chote hadi sentimita 30 na kikafufuka. Uwezo huo wa mizizi hauna shaka: kwenye ukuta wa kanisa kuu la Hildesheim, Ujerumani, kuna mwaridi mwitu ambao jadi huuhesabia takriban miaka 1000. Kanisa lilipopigwa mabomu mnamo Machi 1945 sehemu yake ya juu iliungua, na machipukizi mapya yakatoka kwenye mizizi chini ya vifusi.

Magonjwa na wageni wa kichaka

Kutu ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Huanza kwa unga wa rangi ya chungwa chini ya majani na kwenye mashina, kisha mwishoni mwa msimu madoa hugeuka meusi. Kata mashina yaliyoshambuliwa na ukusanye majani yaliyoanguka, kwa maana kuvu hupitisha baridi humo. Ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu unaofunika majani kwa unga mweupe, hutokea pale hewa isipopita, na dawa yake ni kupunguza mashina. Vidukari kwenye ncha changa huliwa na wadudu wengine, na sioni sababu ya kupulizia sumu kichaka kinacholisha nyuki.

Huenda pia ukaona mpira wa nyuzi nyekundu zinazofanana na kuvumwani, wenye ukubwa wa limau, umekaa kwenye tawi. Umeletwa na nyigu mdogo, Diplolepis rosae, aliyetaga kwenye tumba la jani. Ukiupasua utakuta vyumba vidogo vigumu, kila kimoja kina buu mmoja mweupe. Hauna madhara ya maana, uache.

Kuchuma na kuhifadhi matunda

Kwa chakula, tofauti na mbegu, ngoja matunda yawe mekundu kabisa lakini yasiwe yameoza kwa baridi. Gramu 100 za tunda bichi huweza kuwa na zaidi ya miligramu 400 za vitamini C, ilhali chungwa lina takriban 50. Ndiyo sababu Uingereza, ilipokosa matunda ya kuagizwa wakati wa Vita Vikuu vya Pili, iliwahamasisha raia kuyachuma porini ili kutengeneza sharubati ya watoto.

Chuma matunda ya vichaka visivyopuliziwa dawa na vilivyo mbali na barabara kubwa. Ukitaka kuyakausha, yapasue katikati, kwangua mbegu na vinywele vyote kwa ncha ya kijiko, osha, na uyakaushe kwa joto la chini la nyuzi 40 hivi mpaka yavunjike kwa mkono. Kwa sharubati si lazima kuyapasua. Yasage au uyakatekate, yatie kwenye maji yanayochemka, zima moto baada ya dakika chache na uache yatulie robo saa. Chuja kwa kitambaa kizito, kisha chuja tena kwa kitambaa kingine safi, kwa sababu mchujo mmoja huacha vinywele vya kutosha kuwasha koo. Ndipo sukari iongezwe na maji yapunguzwe kwa moto mdogo. Tumia sufuria ya chuma cha pua au ya enameli na uepuke ya shaba, kwa kuwa shaba huharibu vitamini C haraka, kisha mimina kwenye chupa ndogo zilizochemshwa. Chupa ikishafunguliwa ikae kwenye jokofu na imalizwe ndani ya wiki mbili.